Khalil bin Ahmad, Maskini wa Basra Aliyezihesabu Herufi

Mchezo wa kutafuta maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi maalumu si mgeni tena katika nchi yetu. Kiongozi wa kundi hutaja herufi mbili tatu, na vijana hushindana nani atakayeleta neno refu kuliko wenzake ambalo herufi hizo zote zimo ndani yake. Niliukuta mchezo huu umeshika kweli kweli huko Kitale, na nilipoteremka Bungoma niliukuta tena, na wanaoucheza ni pamoja na vijana wa Kiislamu ambao jioni huenda chuoni kusoma Kurani. Akitakiwa mtu alete neno lenye irabu zote tano, mmoja huruka na education. Likitakiwa neno refu lenye irabu moja tu, mwingine hujibu strengths, herufi tisa na irabu moja pekee. Kwa hakika nchi nzima imeupenda mchezo wa aina hii, hata mwaka 2017 mashindano ya dunia ya Scrabble yalifanyika Nairobi.

Nilipowauliza vijana hao asili ya mchezo wao ni wapi, walinijibu bila kusita kwamba ni mambo ya Wazungu. Kwa Scrabble yenyewe wamesema kweli. Aliyeitunga ni Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, naye alikaa akihesabu katika magazeti ni herufi zipi zatumika sana na zipi zatumika kwa nadra. Lakini swali lililo chini ya mchezo wote huu ni la zamani zaidi. Neno refu halina budi kuwa na herufi gani ndani yake? Na ni maneno mangapi yawezayo kutungwa kwa herufi tulizo nazo? Maswali hayo yaliulizwa na kujibiwa katika mji wa Basra yapata miaka 1,150 kabla ya Butts. Aliyeyajibu ni mtu ambaye kila mtoto wa chuoni katika pwani yetu hutumia kazi ya mkono wake asubuhi na jioni, asilijue jina lake. Huyo ni Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, na leo nataka tuyatazame maisha yake.

Khalil alizaliwa Oman mwaka wa 100 Hijria, sawa na 718 Miladia, katika ukoo wa Farahidi wa kabila la Azdi. Kwetu sisi watu wa pwani Oman si nchi ya mbali; bahari imetuunganisha nayo kwa nasaba, kwa biashara na kwa dini. Husimuliwa kwamba baba yake ni katika watu wa mwanzo kabisa kupewa jina la Ahmad baada ya Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Khalil alihamia Basra angali mdogo, na huko ndiko alikosomea na kuishi mpaka kufa kwake. Basra ya siku zile ilikuwa bandari yenye kila aina ya watu: Waarabu wa jangwani, Waajemi, Wahindi, na watu weusi waliotoka upande huu wetu wa bahari. Kila mmoja alikizungumza Kiarabu kwa ulimi wake, na maulamaa waliingiwa na hofu kwamba lugha ya Kurani itaharibika mbele ya macho yao.

Walimu wake walikuwa vigogo wa zama zile. Alisoma hadithi kwa Ayyub As-Sakhtiyani, na lugha kwa Abu Amr bin Al-Alaa na Isa bin Umar. Inasimuliwa pia kwamba alipokwenda Makka alimwomba Mwenyezi Mungu amruzuku elimu ambayo hapana aliyemtangulia kwayo. Aliporudi Basra akafunguliwa mlango wa elimu ya arudhi.

Kisa cha arudhi ni maarufu. Khalil alikuwa akipita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga vyombo, nzito kwa nyepesi, kwa mpango usiobadilika. Akatambua kwamba beti za Waarabu nazo hugonga vivyo hivyo: herufi yenye mwendo, kisha iliyotulia, kisha yenye mwendo tena. Alirudi nyumbani akaanza kuzipima beti moja moja. Mwanawe alimkuta peke yake akikata beti vipande vipande kwa sauti, akatoka mbio kuwaambia watu kwamba baba yake amerukwa na akili. Khalil hakumkasirikia, alijua kwamba mtoto hakuelewa. Matokeo ya wazimu ule yalikuwa bahari 15 za ushairi, zilizopangwa katika duara tano, na baadaye bahari moja ikaongezwa zikawa 16. Sisi washairi wa Kiswahili tunahesabu mizani kwa njia yetu wenyewe, 8 kwa kipande cha utenzi na 16 kwa mshororo wa shairi, wala hatufuati vipimo vyake. Walakini tunapozitaja bahari za ushairi, neno hilo bahari tumelitoa katika elimu aliyoiasisi yeye.

Kazi yake ya pili ni ile iliyomo mikononi mwa watoto wetu. Kabla yake, Abul-Aswad Ad-Duali alikuwa ameweka nukta za rangi mbalimbali ili msomaji wa Kurani ajue pa kufungua na pa kukunja mdomo. Baadaye zikaja nukta nyingine za kupambanua ba na ta na tha, na msomaji akajikuta katika msitu wa nukta. Khalil alizitoa zile za rangi, akaweka badala yake alama zilizotokana na herufi zenyewe. Dhumma ni wau mdogo. Fat-ha ni alifu mdogo uliolazwa juu ya herufi. Kasra imetokana na ya. Shadda aliitoa katika kichwa cha shini, na hamza katika kichwa cha aini. Mwandishi hakuhitaji tena wino wa rangi mbili, na hata mtu maskini mwenye kalamu moja aliweza kuandika msahafu ukasomeka sawasawa.

Akili yake ilipenda mafumbo. Husimuliwa kwamba iliwahi kuja barua ya Kigiriki iliyoandikwa kwa maandishi ya siri, akaletewa yeye. Alikaa nayo mwezi mzima mpaka akaifungua. Njia yake ilikuwa kudhani kwamba barua hiyo, kama barua nyingi, yaanza kwa kumtaja Mungu. Basi akazichukua herufi za mwanzo kwa dhana hiyo, akazitumia kuzifichua zilizobaki. Ndiyo njia ile ile ya kijana wa Kitale aliyetajiwa herufi tatu akalisaka neno zima: kuanza na kilicho wazi, ukakifuata kilichojificha.

Sasa tuje kwenye lile swali la herufi na maneno marefu. Khalil alitaka kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu katika kitabu kimoja pasikose hata moja. Waliomtangulia waliandika orodha za maneno ya ngamia, ya farasi, ya mitende au ya mvua, kila mmoja akiokota alilolisikia. Lakini mwenye kuokota hajui ni kiasi gani kimebaki chini. Khalil akasema moyoni kwamba asianze na maneno, aanze na herufi, maana herufi zina idadi na maneno hayana.

Akachukua herufi 28. Maneno ya herufi mbili tofauti ni mangapi? Ya kwanza unaichagua kati ya 28, ya pili kati ya 27 zilizobaki, jumla 756. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya herufi nne ni 491,400. Ya herufi tano, ambayo ndiyo mashina marefu kabisa ya Kiarabu, ni 11,793,600. Hesabu yote ikafika 12,305,412. Msomaji mwenye kalamu na subira aweza kuihakiki mwenyewe. Mimi nimeihakiki, na haikosi hata moja.

Kisha akaonyesha jinsi ya kulitafuta neno. Herufi mbili hupinduka mara 2, tatu mara 6, nne mara 24, tano mara 120. Chukua kafu, ta na ba, ambazo ndizo tulizozipatia neno kitabu. Ukizipindua unapata mashina sita. Waarabu wanatumia manne: kuandika, kutwezwa, kukemea na kukata. Mawili hayana matumizi. Katika kila mlango wa kitabu chake Khalil alipanga hivyo, akibainisha yanayotumika na yaliyoachwa. Hapo ndipo ulipo ukubwa wake, kwani alijua hata kile ambacho lugha imekataa kukisema.

Wala hakuzipanga herufi kwa utaratibu wa alifu, ba, ta. Alizipanga kwa makhraji, mahali zinapotokea kinywani. Alifungua mdomo wake na kuzitamka moja moja ili azisikie zatoka wapi, akaona aini ndiyo iliyo ndani kabisa ya koo na iliyo thabiti, akaanza nayo. Kutoka kooni akaja kwenye kaakaa, ulimi, meno, mpaka midomo. Ndiyo sababu kitabu chake kikaitwa Kitabul-Ain. Aliyesoma tajwidi anaijua njia hii.

Katika safari hiyo ya kutoka kooni hadi midomoni alikuta jambo la ajabu. Kila shina la Kiarabu lenye herufi nne au tano lina ndani yake walau herufi moja kati ya sita: ra, lamu, nuni, fa, ba na mimu. Tatu za kwanza hutoka kwenye ncha ya ulimi, na tatu za mwisho midomoni, na zote ni nyepesi kutamkwa. Neno refu ni mzigo, na mzigo wahitaji mafuta ili uteleze. Basi Khalil akaweka kanuni: ukiletewa shina refu lisilo na hata moja katika hizi sita, jua kwamba ni geni au limezuliwa, hata aliyelileta awe mjuzi wa kiasi gani. Kanuni hii haikuwa mchezo. Zama zile walikuwako mafundi wa maneno waliotunga lafudhi za uongo wakaziuza kama Kiarabu cha kale, na kwa lafudhi kama hizo mtu aweza kuipotoa hata tafsiri ya Aya.

Alikuwa mwadilifu katika kanuni yake. Alitaja mwenyewe maneno machache yaliyoikiuka, kama lile la asjad lenye maana ya dhahabu, akaeleza kwamba aini na kafu nene husaidia kulipamba neno. Akayaacha nje pia maneno yenye kurudia sauti, na miongoni mwake ni hili letu la wasiwasi. Mengine tuliyoyapokea sisi yapime mwenyewe: tarjuma ina ra na mimu, falsafa ina fa na lamu, dirhamu ina ra na mimu. Hata karafuu, ambayo Waarabu huiita karanfuli na wao wenyewe waliipata kwa wageni, ina ra, nuni, fa na lamu, kwa hiyo ilipita mlangoni bila kuzuiwa. Kanuni yasema asiye na alama ni mgeni. Haisemi kwamba kila mwenye alama ni mwenyeji.

Huko Bungoma niliwaandikia vijana herufi hizi sita ubaoni, nikawataka waijaribu kanuni ya Khalil kwa maneno yao marefu ya Kiingereza. Wakaja na examination, responsibility, understanding, na yote yakapita. Wakadhani kanuni ni ya dunia nzima. Haukupita muda binti mmoja akaleta dedicated, herufi tisa na hata moja ya sita hizo haimo. Mwenziwe akaleta exhausted, kisha likaja hypothesis. Kanuni ikavunjika, wakanitazama kama kwamba nimewaletea mwanachuoni aliyekosea.

Khalil hakukosea. Alikuwa akisema juu ya Kiarabu, lugha inayojenga maneno yake juu ya mashina ya konsonanti. Kiingereza kimekusanya maneno ya Kilatini, ya Kigiriki na ya Kifaransa, kikayaongeza vichwa na mikia, kwa hiyo mlango wake si huo. Kiswahili nacho kina neno kama hakusikitika, refu la kutosha, na herufi zile sita hazimo. Lakini kila lugha ina bawabu wake. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, ndiyo maana kitab likawa kitabu na dirham likawa dirhamu. Kiingereza nacho kinaikubali sauti ya ng' mwisho wa neno na kuikataa mwanzo, ndiyo maana Mwingereza hutaabika kumwita ng'ombe. Vijana wale nyumbani husema Kibukusu, sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza, na chuoni husoma Kiarabu. Nikawaambia kwamba mwenye lugha nne ana milango minne ya kuchunguza, na Khalil alikuwa na mmoja tu akautoa elimu ya kudumu. Walianza wenyewe kubishana Kibukusu kinakataa nini. Nilifurahi kuliko kama wangenitajia maneno mia ya Kiingereza, kwa sababu kijana aliyeambiwa kwamba chuoni ni pa kukariri na shule ya Wazungu ndiyo pa kufikiri, amenyang'anywa mirathi yake.

Mirathi hiyo haikumtajirisha mwenyewe. Sulaiman bin Habib, aliyekuwa gavana wa upande wa Ahwazi, alimpelekea mjumbe amwite akae naye kwa mshahara mnono. Khalil alimtolea mjumbe mkate mkavu, akamweleza kwamba maadamu anao huo hana haja ya Sulaiman. Gavana alikasirika akamkatia hata kile kidogo alichokuwa akimpa, na Khalil hakubadilika. Mwanafunzi wake An-Nadhr bin Shumail alisimulia kwamba mwalimu wao aliishi Basra katika kibanda cha matete, hana hata senti mbili, ilhali wanafunzi wake walikuwa wakichuma mali kwa elimu aliyowapa. Mmoja wa wanafunzi hao ni Al-Asmai aliyevuma katika majumba ya makhalifa. Mwingine ni Sibawaihi, Mwajemi aliyeandika kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu, na ndani yake amemtaja Khalil au kumnukuu mara mamia. Mwalimu aliyekuwa na hofu ya wageni kuiharibu lugha, mgeni ndiye aliyekuja kuwa mwanafunzi wake bora. Tuzingatie hilo.

Yasemekana kwamba usiku mmoja alikutana na mwandishi mashuhuri Ibnul-Mukaffa wakazungumza mpaka alfajiri. Walipoachana kila mmoja aliulizwa amemwonaje mwenzake. Khalil alimsifu Ibnul-Mukaffa kwa elimu iliyozidi akili yake, na Ibnul-Mukaffa akamsifu Khalil kwa akili iliyozidi elimu yake.

Mauti yake yalimjia katika mawazo yale yale. Wanasimulia kwamba alikuwa akitafuta njia nyepesi ya hesabu, ili hata kijakazi akienda dukani muuza bidhaa asiweze kumpunja. Aliingia msikitini akili imezama katika hesabu hiyo, akajigonga kwa nguzo, akaanguka, na hilo ndilo lililomwondoa duniani. Wengine wanautaja mwaka wa 170 Hijria na wengine 175, yaani kati ya 786 na 791 Miladia. Mtu aliyehesabu maneno milioni 12 alikufa akimfikiria mtumishi asiyejua kuhesabu senti zake.

Kitabu chake alikiacha hakijakamilika, na mwanafunzi wake Al-Laith bin Al-Mudhaffar ndiye aliyekimaliza huko Khurasan. Kuna kisa kwamba mke wa Al-Laith aliona wivu kwa ajili ya kijakazi, akaichoma moto nakala iliyokuwapo kwa kuwa alijua mumewe hana akipendacho kuliko hicho, na Al-Laith akailipa hasara hiyo kwa nusu aliyokuwa ameihifadhi kichwani. Maulamaa wamebishana karne nyingi ni kiasi gani cha kitabu ni cha mwalimu na kiasi gani ni cha mwanafunzi, lakini mpango wake wapokezi wengi wameukubali kuwa ni wa Khalil. Ibn An-Nadim ameeleza kwamba mwaka wa 248 Hijria muuza vitabu mmoja wa Khurasan alikileta Basra katika sehemu 48, akakiuza kwa dinari 50. Hivyo kazi iliyowazwa katika kibanda cha matete ilirudi mjini mwake bei yake ikiwa dhahabu, na mwenyewe alikwisha lala kaburini zaidi ya miaka 70. Katika zama zetu kilihakikiwa na kuchapishwa Baghdad kwa juzuu nane katika miaka ya 1980.

Mwenye pesa na akitafute. Asiye nazo na amfungulie mtoto wake msahafu, amwonyeshe ile shadda ndogo iliyokaa juu ya lamu katika jina la Mola wetu, amwambie ni nani aliyeiweka alama hiyo pale, alitoka wapi, na aliishi kwa mkate gani. Mwenyezi Mungu amrehemu Khalil bin Ahmad, na atujaalie watoto wenye kuuliza.